Lukuga: mto mmoja, mashahidi mbalimbali



Tangu wiki mbili tuko na mabishano juu ya matembezi ya mwaka huu. Kuna wenye kutaka tushuke kipande cha Lufira kwa mtumbwi, pale maji yanapokimbia kati ya mawe, kisha tuchome samaki kando ya mto. Yaya mmoja aliandika kwamba ile sehemu ni ya watoto: yeye alishuka pale na wadogo zake, wengine hawajui hata kuogelea, na walicheka tu mpaka chini. Muda kidogo mkubwa mwingine akajibu kwamba pale pale, kwa macho yake, aliona mtumbwi unageuka na watu wawili wakashikilia mizizi ya mti mpaka wavuvi wakakuja kuwatoa. Munajua vile mambo inakwendaka kwenye simu. Huyu akamwita yule muongo, yule akamwita huyu muuaji, na watu wa pembeni wakaongeza kuni.

Mi nilimwandikia kila mmoja pembeni swali moja tu: mwezi gani? Wa kwanza alishuka mwezi wa tisa. Wa pili alikuwa pale mwezi wa tatu.

Nikacheka peke yangu, sababu ile kesi naijua. Miaka 150 hivi iliyopita wasafiri wawili wenye majina makubwa walipingana vile vile juu ya mto mwingine wa hii Katanga yetu ya zamani, na wataalamu wa London wakabishana nyuma yao kwa miaka. Ule mto ni Lukuga. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 iko katika jimbo la Tanganyika, lakini wazee wetu wa reli wanaijua vizuri. Naomba nieleze historia yake leo, halafu tutarudi kwa Lufira.

Swali la wakati ule lilikuwa hivi. Ziwa Tanganyika linapokea mito: Rusizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na mingine midogo mingi. Je, maji yanatokea wapi? Mtu yeyote aliyesoma kilimo anaelewa sababu ya kuuliza. Shamba lenye kumwagiliwa bila njia ya maji kutoka linaishia kuwa na chumvi, na ziwa ni vile vile. Lakini maji ya Tanganyika yanakunyweka. Lazima kuwe na mlango, ao uwe umekuwako siku si nyingi.

Burton na Speke walifika ziwani 1858 na tumaini kwamba Rusizi njo mlango. Watu wa upande wa Uvira wakawaambia hapana, Rusizi inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaenda kujionea wenyewe: kweli, inaingia. Wenyeji walikuwa wamejibu swali miaka 13 mbele, lakini jibu lilihesabiwa siku Mzungu alipotia kidole majini. Hii tutaiona tena.

Sasa anakuja shahidi wa kwanza wa Lukuga. Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la maji la Uingereza, alifika Ujiji mwanzo wa 1874 na akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mitumbwi. Mwanzo wa mwezi wa tano akafika upande wa magharibi, karibu na pale Kalemie ilipo leo, na akaona pengo kati ya vilima. Mlangoni kulikuwa na fungu la mchanga lenye kuota majani, na katikati yake njia ya maji. Akaingia. Alisonga maili nne ao tano, kama kilomita saba hivi, halafu mafunjo na majani yenye kuelea yakafunga njia kabisa. Lakini aliona kitu kimoja ambacho baharia hawezi kukosa: mtumbwi ulikuwa unasukumwa kwenda ndani, mbali na ziwa, polepole lakini bila kuacha. Mkondo ulikuwa wa fundo moja na nusu kwa saa hivi. Chifu mmoja wa pale alimwambia kwamba ile maji inakwenda mpaka Lualaba.

Cameron alitaka kukata majani na kuendelea. Hakupata watu wa kumsindikiza, akaacha. Aliendelea kwa miguu mpaka Nyangwe, akakosa mitumbwi ya kushuka Lualaba, akageuka kusini na magharibi mpaka Bahari ya Atlantiki, alipofika mwezi wa 11, 1875. Akatangaza: mlango wa Tanganyika ni Lukuga.

Shahidi wa pili ni Stanley. Katikati ya 1876 alizunguka ziwa lote kwa siku 51 na mashua yake Lady Alice, ile ya kukatwa vipande na kubebwa mabegani na wapagazi. Kabla ya kufika Lukuga alikuwa ameshaona kitu Ujiji. Michikichi mitatu iliyosimama sokoni alipokutana na Livingstone 1871 sasa ilikuwa ndani ya maji. Ziwa lilikuwa linapanda. Tena mmoja wa viongozi waliokuwa na Cameron alikuwa naye safari hii, na mtu huyo alikuta mlango wa Lukuga umebadilika: lile fungu la mchanga halikuonekana kama zamani, mawimbi yalikuwa yanaingia.

Stanley akasonga mpaka kwenye mafunjo. Alitafuta mkondo na hakuuona vizuri. Akatupa kifaa cha mbao majini ili kipime, na upepo ukamvurugia hesabu. Wenyeji walimpa maelezo ambayo yeye aliyaandika lakini kwa haraka haraka, na mi naona njo sehemu yenye maana kuliko zote: walisema zamani upande huu maji yalishuka kuja ziwani, upande ule yalishuka kwenda Lualaba, na katikati palikuwa pakavu, halafu ziwa likapanda. Stanley akaandika kwamba Lukuga bado si mlango, lakini karibuni itakuwa, ziwa likipanda futi chache tena.

Basi muone hali. Mmoja amesema maji yanatoka. Mwingine, miaka miwili nyuma, mahali pale pale, amesema hayatoki. London ikagawanyika. Wenye kumpenda Cameron walisema Stanley anatafuta tu kumshusha mwenzake. Wenye kumwamini Stanley walisema Cameron aliona upepo akauita mkondo. Hakuna aliyefikiri kwenda kuuliza watu wa kijiji cha pale, wenye kuteka maji mulemule kila asubuhi.

Kati ya 1876 na mwanzo wa 1879 hakuna Mzungu aliyekuwa pale. Kilichotokea kilionekana na wavuvi peke yao.

Edward Coode Hore, baharia wa misheni ya London Missionary Society, aliyefika Ujiji 1878, alivuka ziwa 1879 na akakuta mto wenye nguvu. Si maji ya kusimama tena, si mafunjo. Mto kamili unaokimbia kwenda magharibi. Mwisho wa mwaka ule ule akafika Mskochi Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 tu, aliyeachiwa msafara mikononi juu ya kifo cha mkubwa wake Keith Johnston njiani. (Nyinyi mulio na miaka 21 na munasema hamupati kazi juu ya kukosa uzoefu, musome habari zake.) Thomson alifuata ukingo wa Lukuga siku kadhaa kuelekea chini mpaka wenyeji walipomzuia, na alichokiona kilikuwa maji ya mbio yenye kuzunguka, mtu asingeweza kuyachezea na mtumbwi.

Kwa hiyo Cameron alisema kweli, na Stanley alisema kweli, na Hore na Thomson walisema kweli. Kosa halikuwa katika macho yao. Kila mmoja aliandika “Lukuga iko hivi” pahali pa kuandika “Lukuga ilikuwa hivi ile siku, na maji yakiwa kwa kimo hiki.”

Hapa niruhusuni dakika kidogo kama mtu wa kilimo, sababu namna kizingiti kilivyovunjika ni kitu tunachoweza kukiona kwetu Likasi, kwenye bustani za lenga-lenga kando ya mto.

Tanganyika inapoteza sehemu kubwa kabisa ya maji yake kwa jua, si kwa mto. Mvua zikipunguka kwa miaka mingi, ziwa linashuka chini ya kizingiti cha Lukuga na mto unakauka pale juu. Lakini lile bonde halibaki tupu. Vijito vya pembeni vinaendelea kuleta udongo kila mvua, mafunjo yanaota, mizizi inashika matope, na kila mwaka kizibo kinapanda kidogo. Halafu zinakuja mvua nzuri, miaka mfululizo. Ziwa linapanda na linakuta mlango umefungwa, kwa hiyo linaendelea kupanda kupita kimo chake cha kawaida. Njo sababu michikichi ya Ujiji ilizama.

Sasa fikiri tuta la bustani. Maji yakilifikia juu, mwanzo yanapita kama uzi, unaweza kuyaziba kwa mguu. Ukienda kunywa chai na kurudi, ule uzi umechimba mfereji wa kidole. Mfereji unapitisha maji mengi zaidi, maji mengi yanachimba zaidi, na nusu saa baadaye tuta limekwenda na miche yako. Cameron alifika maji yakiwa uzi. Stanley alifika ziwa likiwa juu zaidi, lakini mafunjo na matope yakiwa yameziba ule uzi. Hore alifika tuta limekwisha kwenda.

Na lilikwenda kweli kweli. Kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilishuka karibu mita 10. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 33,000, maana yake mita moja ya kimo ni kilomita za ujazo 33. Piga mara 10, gawanya kwa miaka 15: ni wastani wa mita za ujazo karibu 700 kila sekunde, usiku na mchana, miaka 15, juu ya ile maji ambayo mvua na mito vilikuwa vinaleta na jua kukausha. Yote ilipita kwenye ule mlango mmoja. Mtu aliyezaliwa ukingoni 1870 alikua akiona mto wa mafunjo, kisha mto wa kuua, kisha mto wa katikati, kabla hajaoa.

Pwani nayo ilisogea. Vijiji vilivyokuwa kando ya maji vilijikuta mbali, na ardhi mpya yenye rutuba ikatokea. Nani alilima pale kwanza, nani alisema ni ya mababu? Ni kesi za ardhi ambazo hazikuandikwa na Cameron wala Stanley, lakini kila mwenye kufanya kazi na wakulima wa pembeni ya maji anajua zilikuwako.

Shahidi mwingine anatugusa sisi wa kusini zaidi, sababu alipita karibu na mlango wetu. Alexandre Delcommune, Mbelgiji, alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1891. Kutoka pale akaenda mpaka Lualaba ya juu na wazo la kushuka mto kwa maji. Watu wake walichonga mitumbwi kwa magogo, kazi ya wiki na wiki, na njaa ilikuwa kali, wakafa watu wengi. Mitumbwi ikawa tayari, wakaingia majini. Mbele yao ilikuwa Nzilo.

Wenye kutoka Kolwezi wanaijua Nzilo kama baraji na ziwa tulivu. Lile ziwa lilikuja na ukuta wa miaka ya 1950, na Wabelgiji walilipa jina la Delcommune mwenyewe, jambo ambalo naona ni mchezo wa ajabu kidogo. Wakati wake lilikuwa korongo: Lualaba inashuka kama mita 450 ndani ya kilomita 70 hivi, kati ya kuta za mawe. Ile si maji ya mtumbwi wa gogo, mwezi wowote. Waliacha mitumbwi yote na kurudi kwa miguu, wamechoka, wamepunguka.

Mwaka ule wa 1892 Delcommune akapanda mpaka Tanganyika, na kutoka pale akafuata Lukuga kushuka. Safari hii alikamilisha kile Thomson alichoanza: Lukuga inakwenda mpaka Lualaba, kama chifu alivyomwambia Cameron miaka 18 mbele. Ile habari imenikalia kichwani. Chifu alitoa jibu kwa sentensi moja, bure. Ulaya ililipa misafara minne kulifikia.

Wabelgiji walipotaka kuunganisha ziwa na Lualaba hawakujaribu hata kuweka mashua juu ya Lukuga. Mto una kilomita 300 na kitu na unashuka zaidi ya mita 200, na walikuwa wamesoma kwamba kimo chake hakitabiriki. Walijenga reli kando yake, kilomita 273 kutoka Kabalo mpaka Albertville, Kalemie ya leo, ikamalizika 1915 katikati ya vita. Baadaye wakaweka baraji ndogo kwenye mlango wa Lukuga ili ziwa lisishuke kupita kiasi na bandari isibaki juu ya matope. Mlango uliovunjwa na maji ukapewa kizingiti cha mawe.

Karibu miaka 100 ikapita kabla ya mtu kuleta Lukuga kayaki za michezo. Kwa wasiojua: kayaki ni kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja, kamefungwa juu, mtu anakaa ndani mpaka kiunoni na kafi ya pande mbili. Wenye kucheza mchezo huu wamepanga maji ya mbio kwa ngazi sita. Ngazi ya kwanza na ya pili ni za kujifunzia, ya sita ni ya kuhatarisha maisha. Lakini muulize yeyote kati yao: ngazi haipewi mto, inapewa mto kwa kimo fulani cha maji. Maji yakiwa chini, mawe yanatoka nje, unagonga, unakwama, unashuka kuvuta chombo, unapata vidonda tu. Maji ya katikati yanafunika mawe, yanaacha nyuma ya kila jiwe kubwa kisima cha maji ya kurudi ambapo unaweza kusimama na kupumua. Maji yakipanda zaidi, vile visima vinafutika. Hakuna pa kupumzika. Mto unaingia kwenye miti ya ukingo, na mti ndani ya maji ya mbio ni kama kichungi: maji yanapita, mtu anabaki. Mkubwa wetu wa mwezi wa tatu aliona kitu hiki hiki, na bahati ya wale wawili ni kwamba walishika mizizi kutoka juu, hawakusukumwa chini yake.

Shule ya mchezo huu katika Afrika yetu ni Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwa Victoria. Tangu miaka ya 1990 maelfu ya watu wasiojua chochote wameshuka pale katika boti za mpira. Sababu kubwa ni ziwa nyuma: mto wenye kutoka ziwa kubwa haupandi kwa mvua ya usiku mmoja, kwa hiyo kiongozi anajua maji ya kesho kama ya leo. Hata hivyo baraji ya Bujagali ilipomalizika 2012, maporomoko kadhaa ya kujifunzia yalizama chini ya ziwa jipya, na shule ikabidi isogee chini.

Kutoka ile shule alikuja Hendri Coetzee, mtu wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameongoza 2004 safari ya kushuka Nile Nyeupe mpaka baharini. Mwisho wa 2010 aliongoza Wamarekani wawili, Ben Stookesberry na Chris Korbulic, kwenye mito ya eneo la maziwa, mpaka Lukuga. Walikuwa kati ya watu hodari kabisa wa mchezo huu duniani. Maporomoko waliyapita. Siku ya 7 Desemba 2010 walikuwa kwenye maji ya kawaida, wamekaa karibu karibu kama walivyokubaliana ili mamba waone kitu kikubwa kimoja. Mamba akatoka nyuma, akamshika Coetzee, kayaki ikageuka. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 35.

Nilisoma ile habari nikiwa bado mwanafunzi na nikasikia watu wakisema, “Wazungu wanatafuta kifo.” Mi sikukubali kabisa. Coetzee alijua maji kuliko sisi wote. Lakini kimo na mkondo ni nusu moja ya mto. Nusu nyingine, nani anaishi ndani, wapi analala, mwezi gani ana njaa ao anachunga mayai, iko kwa watu wa ukingo, na mtu wa kupita hawezi kuipata yote kwa siku mbili, hata akiwa na adabu ya kuuliza.

Na Lukuga haijamaliza kushuhudia. Tangu 2020 ziwa limepanda tena. Mwaka 2021 na zaidi 2024 maji yaliingia nyumba za Kalemie, za Uvira, za Bujumbura ng'ambo. Watu walihamisha vitanda kwa mitumbwi katika barabara walizokuwa wanapita na pikipiki. Mabishano yakaanza upya, safari hii kati ya wenye kusema ni mvua na wenye kusema ni mlango wa Lukuga uliojaa udongo, na baraji iliyochakaa. Nikisikia vile namkumbuka Cameron na Stanley. Mlango ukiwa umejaa matope, mvua ile ile inatoa ziwa lingine. Na wale waliojenga chini kwa sababu babu alilima pale: babu alilima pale juu ya maji yaliyoshuka baada ya 1878. Kwa ziwa ile haikuwa inchi kavu, ilikuwa mkopo.

Basi Lufira.

Nimefanya kazi na wakulima wa kando yake misimu miwili, nimevuka nao mara nyingi kwa bwato. Papa mmoja mwenye kuvusha watu, mwenye mikono kama mizizi, ana jiwe lake. Liko katikati ya mto, jeusi, kubwa kama meza ya masomo. Hasomi kalenda wala habari ya hali ya hewa. Asubuhi anatazama jiwe. Likionekana mpaka kiuno chake, anavusha mama na watoto na mifuko ya makala. Likibaki kichwa tu, anavusha wanaume, wawili wawili, na anawakataza kusimama. Likifunikwa, anafunga bwato na kwenda kutengeneza nyavu, hata umwonyeshe pesa. Siku moja nilikuwa na haraka, mkutano ulikuwa unanisubiri upande wa pili, jiwe limefunikwa. Nikamwambia, “Papa, jana si tulivuka?” Akanijibu bila kuinua kichwa: “Jana tulivuka muto ya jana.”

Nilimkasirikia. Nililala pale, juu ya mkeka wake, na asubuhi jiwe likatoa kichwa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa kamati ni haya. Matembezi yafanyike mwezi wa saba ao wa nane, mvua zikiwa zimekwisha kitambo na maji yameshuka lakini mawe mengine bado yamefunikwa. Mwezi wa tisa ni salama zaidi, ila tutavuta mitumbwi juu ya mawe kuliko kupiga kafi. Mwezi wa tatu hapana, hata kwa wenye kujua kuogelea. Kama tutachagua kipande kilicho chini ya baraji ya Mwadingusha ao ya Koni, lazima tuulize kwanza wenye kufungua maji, sababu pale mto unaweza kupanda bila tone la mvua. Koti la kuelea kwa kila mtu, pamoja na wenye kujigamba. Anayeanguka asijaribu kusimama ndani ya maji ya mbio, mguu unaingia kati ya mawe na maji yanamlaza. Alale chali, miguu mbele, mpaka maji yatulie.

Na wavuvi wa pale walipwe siku nzima watusindikize, si kupewa soda mwishoni. Wakisema leo hapana, tunachoma samaki palepale ukingoni na kurudi Likasi.

Yaya wa mwezi wa tisa na mkubwa wa mwezi wa tatu nimewaomba waje wote wawili, wakae mtumbwi mmoja. Wa kwanza amekubali. Wa pili ameuliza kimo cha jiwe.